Upasuaji wa ACL: unacholipia hasa na unachoweza kuruka

Mchezaji anakata kona, njumu imeng'ang'ania nyasi, mwili unakwenda, goti linabaki. Hakuguswa na mtu. Anasikia mlio ndani ya goti, na kabla ya jioni goti limejaa. Kuanzia hapo ushauri unamwagika kutoka kila upande: mmoja anamwambia aende India, wa pili anamjua mzee anayechua vizuri, wa tatu anamnunulia soksi ya goti. Hapa tunaikagua huduma yenyewe, yaani upasuaji wa kuweka ACL mpya kwa kutumia kamera (ACL ni moja ya ligamenti za goti, kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa), kipande kimoja baada ya kingine, kwa jicho la daktari wa mifupa.

Msimamo tuuseme mapema. Operesheni hii ni nzuri, ila inauzwa vibaya. Mgonjwa anauziwa saa moja na nusu za chumba cha upasuaji, wakati matokeo yake yanaamuliwa zaidi na wiki chache kabla ya kisu na miezi tisa baada yake. Mwenye hela ya operesheni asiye na hela ya mazoezi bado hana hela ya operesheni.

Kabla hujalipa

ACL imekaa katikati ya goti. Kazi yake ni kuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele na usijizungushe chini ya mfupa wa paja. Ndiyo maana aliyeikata anaweza kutembea mpaka sokoni, kupanda ngazi, hata kukimbia mstari ulionyooka, lakini akigeuka tu goti linaachia. Huko kuachia ndiko kunakotibiwa na upasuaji huu. Mtu ambaye goti lake linauma tu na halijawahi kuachia aulize mara mbili anaandikiwa operesheni ya nini.

Kipimo cha kwanza ni mikono ya daktari. Mgonjwa analala chali, goti linakunjwa nyuzi 20 hadi 30, mkono mmoja unashika paja juu kidogo ya goti, wa pili unauvuta muundi kuja mbele. Kwenye goti zima muundi unasogea kidogo kisha unagota. ACL ikiwa imekatika haugoti. Unaendelea kuja, laini, na mkono unausikia wazi. Hicho ndicho kipimo cha Lachman, kinachukua dakika moja na hakihitaji mashine. Kisipoeleweka siku ya kwanza kwa sababu goti limejaa damu na mgonjwa amekaza misuli, kirudiwe baada ya siku 7 hadi 10. Lazima goti la pili nalo lipimwe, kwa sababu wapo watu ambao magoti yao yote mawili yamelegea tangu kuzaliwa.

Eksirei ndiyo ya pili, kutafuta mfupa uliovunjika. Kuna kipande chembamba kinachobanduka upande wa nje wa juu wa muundi, alichokieleza Mfaransa Paul Segond mwaka 1879. Kikionekana kwenye picha, mara nyingi sana ACL nayo imekatika. MRI, picha ya mashine ya sumaku, inakuja ya tatu, na thamani yake kubwa si kuithibitisha ACL bali kuonyesha meniskasi zikoje, zile pedi mbili za gegedu zilizokaa kati ya mifupa. Hospitali inayomtuma mgonjwa MRI kabla mtu yeyote hajaligusa goti lake imeanza na bili.

Mambo mawili hayasubiri foleni. La kwanza ni goti lililotoka kabisa mahali pake, hata kama limejirudisha lenyewe: mshipa mkubwa wa damu ulio nyuma ya goti unaweza kuwa umechanika, na mguu ukikaa saa sita hadi nane bila damu unaweza kukatwa. Unyayo ukiwa wa baridi, au mapigo hayasikiki, hiyo ni dharura ya usiku huo huo. La pili ni goti lililokwama, halinyooki hata likivutwa taratibu, kwa sababu kipande cha meniskasi kimejipenyeza katikati. Hilo linatakiwa lifunguliwe ndani ya siku chache, kabla kipande hicho hakijaharibika kiasi cha kutoshoneka.

Na kuhusu kuchua: goti lililojaa damu lisichuliwe wala kuvutwa. Ligamenti iliyokatika hairudishwi kwa mafuta, na kano au meniskasi iliyochanika nusu inaweza kumalizika mikononi mwa mchuaji.

Si kila ACL iliyokatika inahitaji kisu

Hapa ndipo wauzaji wengi hunyamaza. Mwaka 2010 watafiti wa Uswidi walichapisha utafiti wa watu wazima 121 wenye shughuli za michezo, wote wamekata ACL. Kundi moja lilifanyiwa upasuaji mapema na kupewa mazoezi. Kundi la pili, watu 59, lilianza na mazoezi peke yake, na upasuaji ukabaki kwa yule ambaye goti lingemsumbua. Baada ya miaka miwili makundi yalilingana kwa maumivu, kazi na michezo. Katika wale 59, waliokuwa wameomba upasuaji walikuwa 23. Baada ya miaka mitano wakafika 30. Kwa hiyo karibu nusu waliishi bila operesheni. Lakini wachezaji wa kulipwa hawakuingizwa kwenye utafiti huo, na watu huusahau upande huo.

Kwa hiyo winga wa miaka 18 anayetaka kuendelea kucheza, afanyiwe. Mtu wa miaka 38 anayefanya mazoezi ya gym na kuendesha pikipiki, aanze na miezi mitatu ya fiziotherapia ya kweli. Goti likiachia tena ndani ya kipindi hicho, jaribio limekwisha. Kila goti linapoachia, meniskasi inaweza kusagwa, na uharibifu huo ndio unaomletea mtu uzee wa goti mapema.

Ukishaamua kufanyiwa, usikimbilie tarehe ya karibu. Goti liende chumba cha upasuaji likiwa limetulia: uvimbe umeshuka, linanyooka sawasawa na lenzake, linakunjika angalau nyuzi 120, mgonjwa anatembea bila kuchechemea na anaweza kuinua mguu mzima ukiwa umenyooka, bila goti kulegea. Wengi hufikia hapo ndani ya wiki tatu hadi sita. Goti linalopasuliwa likiwa bado la moto na limekakamaa lina hatari kubwa ya kubaki limekakamaa, na kulifungua baadaye ni kazi ngumu kuliko ACL yenyewe. Tumia wiki hizo pia kupima nguvu na ukubwa wa paja la mguu mzima. Sababu yake itaonekana mbele.

Kipandikizi: mahali pa kuuliza maswali mengi

ACL iliyokatika katikati kwa kawaida haiungi ikishonwa, kwa hiyo inawekwa nyingine, yaani kipandikizi, iliyotengenezwa kwa kano ya mgonjwa mwenyewe. Zinatoka sehemu tatu, na hakuna iliyo bora kwa kila mtu.

Inayotumika sana ni ya nyama za nyuma ya paja. Daktari anatoa kano mbili za upande wa ndani kupitia jeraha dogo chini ya goti, anazikunja ili ziwe tabaka nne, kisha anapima unene. Namba ya kuikumbuka ni milimita 8. Chini ya hapo hatari ya kukatika tena inapanda, hasa kwa vijana chini ya miaka 20. Kwa msichana mwembamba au kijana mfupi kano zinaweza kutoka na milimita 7, na hilo linajulikana zikiwa tayari mezani. Muulize daktari mapema: zikitoka nyembamba utafanya nini? Jibu zuri ni kukunja kano hadi tabaka tano au sita, au kuchukua kano ya sehemu nyingine. Jibu la "tutaona" halitoshi. Hasara yake ni kwamba nguvu ya kukunja goti mpaka mwisho hupungua, na mkimbiaji wa mbio fupi huihisi.

Ya pili ni kano ya chini ya pia ya goti: ukanda wa katikati wenye upana wa milimita 10 hivi, pamoja na kipande cha mfupa kila upande. Kwa kuwa mfupa unashikana na mfupa, inajifunga mapema, na kwa vijana wa michezo ya kugeuka geuka hukatika mara chache kidogo kuliko ya nyama za paja. Hasara ni maumivu ya kupiga magoti. Kwenye vitabu vya Ulaya jambo hili linapitiwa kwa sentensi moja. Huku kwetu si dogo. Anayesujudu mara tano kwa siku, fundi wa vigae, mama anayefanya kazi za nyumba akiwa amepiga magoti, wote watakutana nalo kila siku, wengine kwa mwaka mzima na zaidi. Mkeka mnene husaidia, lakini uamuzi ufanywe kabla ya kisu.

Ya tatu ni kano ya juu ya pia. Ni nene, haisumbui sana wakati wa kupiga magoti, na umaarufu wake unapanda. Bei yake ni msuli wa mbele wa paja, ambao tayari huwa dhaifu baada ya ACL na sasa umekatwa kipande. Asiye na mtaalamu mzuri wa mazoezi karibu asiichague.

Kano za watu waliofariki hazipatikani kirahisi katika hospitali zetu, na kwa kijana si hasara kubwa: kwa walio chini ya miaka 25 hukatika mara nyingi zaidi kuliko kano ya mtu mwenyewe. Za kutengenezwa kiwandani zilijaribiwa sana miaka ya 1980. Nyingi zilikatika, na vumbi la nyuzi zake likawasha goti ndani. Anayekuahidi ligamenti ya plastiki na kurudi uwanjani baada ya miezi mitatu, mwache na bidhaa yake.

Kuna nyongeza moja inayostahili hela. Daktari anachukua ukanda wa utando wa nje ya paja, upana wa sentimita 1 hivi, anaupitisha chini ya ligamenti ya upande wa nje na kuufunga kwenye mfupa, ili goti lisijizungushe. Utafiti wa vijana 618 wenye miaka 14 hadi 25, wote wamewekewa kano za nyama za paja, ulionyesha kwamba baada ya miaka miwili kipandikizi kilikatika kwa asilimia 11 ya wasiowekewa ukanda huo na asilimia 4 ya waliowekewa. Kijana mwenye magoti yaliyolegea, anayecheza mpira wa miguu, kikapu au netiboli, auulizie. Mtu wa miaka 40 hauhitaji.

Mahali pa tundu kuliko aina ya skrubu

Wagonjwa hutumia muda mwingi kuulizia skrubu: ya titani, ya plastiki ngumu, au ile inayoyeyuka? Au kile kitufe cha titani kinachokaa juu ya mfupa na kuning'iniza kano? Vyote vinashika vikiwekwa sawa. Usilipe zaidi kwa sababu ya jina la kampuni, ila omba bili iliyochambuliwa, kwa sababu vifaa hivi vinaagizwa nje na mara nyingi ndivyo vinavyofanya bei ya hospitali moja ipishane mbali na ya nyingine.

Kinachoangusha operesheni nyingi ni mahali tundu lilipotobolewa kwenye mfupa wa paja. Likiwekwa juu sana na mbele sana, kipandikizi kinasimama wima. Goti litafaulu kipimo cha Lachman, muundi hautateleza mbele, daktari ataridhika, lakini mchezaji akigeuka goti bado linaachia. Kipandikizi ni kizima na operesheni imefeli. Kosa la pili linalojirudia ni kitufe kukaa juu ya nyama badala ya kulala bapa kwenye mfupa; nyama ikisinyaa, kano inalegea.

Yote mawili yanaonekana kwenye eksirei ya kawaida. Kwa hiyo kabla ya kuruhusiwa kutoka, dai picha mbili, ya mbele na ya ubavu, na uombe uonyeshwe matundu na kitufe viko wapi. Daktari anayeiamini kazi yake hachukii ombi hilo.

Jambo lingine dogo lenye faida kubwa: kabla ya kuwekwa, kipandikizi kifungwe kwenye shashi iliyolowekwa antibayotiki ya vankomaisini, miligramu 500 kwenye mililita 100 za maji ya chumvi ya hospitali. Ni rahisi na inapunguza sana maambukizi ndani ya goti. Maambukizi hayo si ya kawaida, lakini yakitokea gegedu linaweza kuliwa ndani ya siku chache. Ulizia kama wanafanya hivyo. Sindano ya antibayotiki ndani ya saa moja kabla ya kisu nayo isikosekane.

Meniskasi, na ile huduma ya "kusafisha goti"

Kabla ya kusaini fomu, hakikisha imeandikwa kwamba meniskasi iliyochanika itashonwa kama inashoneka. Kuikata ni haraka, kunachukua dakika kumi, na mgonjwa hutembea vizuri wiki inayofuata. Kuishona kunahitaji vifaa vya ziada na subira. Lakini goti lililopoteza meniskasi linabeba uzito mfupa kwa mfupa, na mchezaji wa miaka 22 ataulipia uamuzi huo akifika 40.

Ikishonwa, masharti yanabadilika. Kwa wiki nne hadi sita goti halikunjwi kupita nyuzi 90, na kwa aina fulani za mchaniko hata kukanyaga kunazuiwa. Kuchuchumaa mpaka chini kunangoja takriban miezi minne. Sasa fikiria choo cha nyumba nyingi: ni cha kuchuchumaa, pembeni kuna ndoo, sakafu imelowa. Nyuzi za kushonea meniskasi zinaweza kukatikia chooni kabla mpira haujaguswa. Kabla ya tarehe ya upasuaji, tafuta kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati au kiti cha choo cha wagonjwa, chenye urefu wa sentimita 45 au zaidi, na mtu wa kukushika siku za mwanzo. Swali la choo huulizwa mara chache kliniki, na halipaswi kusubiri mgonjwa afike nyumbani.

Kuhusu "kusafisha goti" kwa kamera kwa mtu mzima mwenye goti lililosagika: usinunue. Mwaka 2002 Wamarekani waliwagawa wagonjwa 180. Wengine walisafishwa kweli, wengine walichanjwa ngozi tu. Matokeo yalilingana. Mwaka 2013 Wafini wakafanya vivyo hivyo kwa watu 146 wenye meniskasi zilizochakaa bila goti kusagika, na baada ya mwaka mmoja hakukuwa na tofauti. Sindano za chembe za damu za mgonjwa mwenyewe, zinazouzwa ghali kama nyongeza ya operesheni ya ACL, nazo hazijaonyesha kwamba zinamrudisha mchezaji mapema.

Wiki za kwanza nyumbani

Ganzi huwa ya mgongoni au nusu kaputi, na wengi hulala usiku mmoja au huondoka siku ile ile. Kipande cha ngozi pembeni ya kovu kitakuwa na ganzi, pengine daima, kwa sababu mshipa mdogo wa fahamu unapita pale pale. Si ajali, ila mtu anatakiwa aambiwe kabla. Bresi kubwa yenye bawaba, kifaa cha kufungwa mguuni kushika goti, haihitajiki kwa ACL pekee. Kama meniskasi imeshonwa, ina kazi.

Kosa kubwa la nyumbani linafanywa kwa upendo: mama au mke anaweka mto laini chini ya goti ili mgonjwa apate raha. Goti linapona likiwa limejikunja nyuzi tano au kumi, kinyama cha kovu kinaota mbele ya kipandikizi, na baada ya miezi mitatu halinyooki tena bila operesheni nyingine. Mto uwekwe chini ya kisigino. Kisigino juu, goti likining'inia hewani na kushuka kwa uzito wake, dakika 10 hadi 15, mara nne hadi sita kwa siku. Kukunja kutakuja, kunyooka kukipotea kunarudi kwa shida.

Sambamba na hapo, kaza msuli wa mbele wa paja sekunde tano hadi kumi, mara kumi, kila saa ukiwa macho. Barafu juu ya kitambaa dakika 15 hadi 20. Magongo mawili mpaka utembee bila kuchechemea, kwa wengi wiki mbili hivi, kama meniskasi haikuguswa. Homa, jeraha linalotoa maji baada ya siku ya tano, shavu la mguu kuuma na kuvimba, au kifua kubana na pumzi kukata: rudi hospitali siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki.

Miezi tisa

Kipandikizi kinapoingia goti lako ni kano iliyokatiwa damu. Chembe zake hufa, mishipa mipya ya damu huingia, na kwa muda kinakuwa dhaifu kuliko siku kilipowekwa. Udhaifu huo unaangukia karibu wiki ya 6 hadi ya 12, wakati ule ule mgonjwa anapojisikia amepona, maumivu yameisha, na marafiki wanampigia simu kuna ndondo Jumapili. Asiende, hata kipa.

Baiskeli ya kusimama inaanza goti likikunjika nyuzi 100 na kitu. Mashine ya kunyoosha goti ukiwa umekaa, ambayo wengi wanaiogopa, inaruhusiwa kuanzia wiki ya 4, lakini kati ya nyuzi 90 na 45 tu. Kisha unaongeza kidogo kidogo kila wiki mpaka goti linyooke kabisa wiki ya 8. Aliyewekewa kano za nyama za paja asiiwekee uzito mashine hiyo kabla ya wiki ya 12. Bila mashine hii msuli wa mbele wa paja haurudi. Kuchuchumaa pekee hakutoshi, kwa sababu mwili huhamishia kazi nyongani na mguu wa pili. Kukimbia kunaanza baada ya wiki 12 kama goti halivimbi na paja limefikia angalau asilimia 70 ya nguvu ya lenzake.

Uliza ni vipindi vingapi vya fiziotherapia vimo kwenye bei. Kifurushi chenye vipindi sita ni kifurushi cha kujifunza kutembea. Mchezaji anahitaji viwili kwa wiki kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha kuonwa angalau mara moja kila wiki mbili na programu ya gym iliyoandikwa, mpaka apimwe.

Vipimo vya kurudi havihitaji mashine ya bei mbaya. Kaa kwenye benchi, simama kwa mguu mmoja, hesabu. Mara 22 kwa kila mguu ni lengo zuri. Ruka mbele kwa mguu mmoja, mruko mmoja, kisha mitatu mfululizo, kisha mitatu ya kuvuka mstari, kisha mita 6 kwa saa ya kusimamisha. Mguu uliopasuliwa ufike asilimia 90 ya lenzake. Tatizo ni kwamba baada ya miezi sita ya kukaa, mguu mzima nao umesinyaa, na asilimia 90 ya mguu dhaifu ni udanganyifu. Ndiyo maana ya kuupima kabla ya operesheni: linganisha na namba za wakati ule.

Utafiti wa Norwei wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kuchelewa kurudi, hadi miezi tisa, ulipunguza majeraha mapya ya goti kwa asilimia 51. Waliorudi bila kufaulu vipimo, asilimia 38.2 waliumia tena. Waliofaulu, asilimia 5.6. Beki Van Dijk wa klabu ya Liverpool ya Uingereza aliumia ACL Oktoba 2020 na kucheza tena mwishoni mwa Julai 2021, naye alikuwa na jopo zima likimsimamia kila siku. Kocha wa daraja la kwanza anayemtaka beki wake baada ya miezi mitano anaomba kitu ambacho klabu tajiri haikukijaribu.

Akirudi, timu ianze na mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA 11+: mazoezi 15, dakika 20, angalau mara mbili kwa wiki. Hayana gharama, na yanalinda pia goti la pili, ambalo kwa kijana liko hatarini karibu sawa na lililopasuliwa.

Nyumbani au nje ya nchi

Upasuaji wa goti kwa kamera unafanyika Afrika Mashariki. MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, ni mfano mmoja. Kwa ACL ya kwanza isiyo na mambo mengi, kusafiri hakununui ligamenti bora. Kunanunua operesheni nzuri na kisha mtu anarudi baada ya wiki mbili, bila daktari wa kumwona goti likikataa kunyooka wiki ya tano, ambapo tatizo bado linatibika kwa mazoezi. Kusafiri kuna maana kwa ligamenti kadhaa zilizokatika pamoja, au kwa kurudia operesheni iliyofeli.

Popote utakapofanyiwa, usiondoke bila ripoti ya operesheni inayosema kipandikizi kilitoka wapi na kina milimita ngapi, matundu yana upana gani, kimefungwa na nini, meniskasi ipi ilishonwa au kukatwa na kiasi gani, pamoja na picha za kamera. Kipandikizi kikikatika tena, daktari wa pili asiye na karatasi hiyo anaanza kwa picha ya CT kupima matundu ya zamani. Yakiwa yamepanuka kupita takriban milimita 14, mara nyingi kazi inagawanywa mara mbili: kwanza kuyajaza mfupa, kisha kusubiri miezi minne hadi sita ushikane, ndipo ligamenti mpya iwekwe na miezi tisa ianze kuhesabiwa upya.